Butembo: Bundi si mchawi, na usiku si mali ya adui

Ijumaa iliyopita, mwalimu mmoja wa sekondari hapa Butembo alinialika tutazame nyota kwenye uwanja wa shule. Chombo chake ni darubini ya mkono tu. Mwezi huu wa Mei, saa mbili na nusu usiku, sisi tulio karibu na ikweta tunaona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. Paris, Msalaba huo hauonekani kamwe.

Tulichelewa saa nzima. Bundi alinaswa katika wavu wa goli, na vijana walikuwa wameanza kuokota mawe. "Ni mchawi, auawe," mmoja akasema. Mwalimu akavua koti, akamfunika ndege ili atulie, akakata nyuzi moja moja kwa makasi. Mabawa yalikuwa mazima. Bundi akaruka kuelekea mikaratusi.

Kwangu mimi, saa ile haikupotea. Bundi anakula panya, na panya ndio wanaomaliza mahindi na maharagwe yetu ghalani. Tena, anayemuhukumu ndege kwa uvumi leo, kesho atamuhukumu bibi wa jirani. Katika Kivu hii, wazee wameshauawa kwa kushukiwa uchawi tu, bila ushahidi wowote.

Najua hofu inatoka wapi. Tangu Oktoba 2014, wakaaji wa Beni wamezika ndugu zao waliouawa usiku. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Mtu anayesimama gizani na darubini anaweza kudhaniwa mpelelezi wa adui. Ndiyo maana mwalimu wetu alimjulisha kwanza shefu wa kata.

Basi, shule zifanye vilevile: ziombe ruhusa, zichague uwanja wenye usalama, watoto wasindikizwe na wazazi na warudi nyumbani mapema. Saa moja inatosha kumuonyesha mtoto nyota, na kumueleza kazi ya bundi. Tukisubiri vita viishe kwanza, watakua wakijua usiku kwa milio ya risasi tu.

Bundi alipokwisha kuruka, kijana yule wa "auawe" aliweka jiwe chini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba darubini.