Jina la Mfanyakazi Lisiwekwe Rehani

Liko jambo linalozungumzwa kwa minong'ono katika maofisi, mashuleni na viwandani, nasi twaona kwamba wakati umefika lizungumzwe hadharani. Wako wafanyakazi ambao siku ya mshahara imekuwa kwao siku ya huzuni. Fedha huingia katika akaunti yao, walakini kadi ya benki na namba yake ya siri zimo mkononi mwa mkopeshaji. Yeye ndiye atanguliaye kwenye mashine, akachukua anachodai, kisha akampa mwenye jasho kilichosalia, kama mtoto apewavyo chenji ya dukani. Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina lake: kausha damu. Jina hilo latosha. Hatuna haja ya kulitafutia jingine.

Kazi ya mkopeshaji wa namna hiyo ni unyonyaji, nasi hatutaipamba kwa maneno matamu. Lakini haitoshi kumlaani kupe. Yatupasa pia kujiuliza ametupataje. Ametupata kwa sababu wengi wetu hatuyajui mambo matatu: bei halisi ya mkopo tunaouchukua, daftari ambamo madeni yetu huandikwa siku hizi, na haki tulizo nazo kwa mujibu wa sheria. Mtu asiyeyajua hayo hata akipandishiwa mshahara mara mbili, nyongeza yote itaishia katika mfuko wa mwingine.

Kwanza tuseme wazi kwamba kukopa si aibu. Iko tofauti kubwa kati ya mtu anayekopa ili anunue cherehani, mbegu au mabati, na yule anayekopa ili sherehe ya siku moja isifiwe na majirani. Tena tukumbuke kwamba haki ya kukopa hatukuipata bure. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, tangu miaka ya 1920, ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiyekuwa mwenyeji akimkopesha Mwafrika pasipo idhini ya serikali, hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kumlinda Mwafrika. Kwa kweli ilimhesabu kuwa mtu asiyeweza kuaminiwa wala kujiamulia, na mlango wa biashara kubwa ukabaki wazi kwa wengine.

Wakulima wa Kilimanjaro hawakukaa wakilia. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Benki hiyo iligawanywa mwaka 1997, na tangu hapo mambo mengi ya fedha yamebadilika. Lakini fundisho halikubadilika: mlango wa mkopo ulifunguliwa kwa juhudi za watu, nao haufai kuingiwa kwa upofu.

Sasa tuje katika daftari. Zamani deni la mtu liliandikwa katika kitabu cha mwenye duka, na kitabu hicho hakikujulikana zaidi ya mtaa mmoja. Mdaiwa aliyehama kutoka Tanga kwenda Mwanza aliweza kuanza upya kana kwamba hakudaiwa na mtu. Siku hizi sivyo. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina hazina ya taarifa za wakopaji, na ziko kampuni zenye leseni ambazo kazi yake ni kuchakata taarifa hizo. Mabenki hupeleka humo habari za kila mkopo: ni kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, na kama mkopaji alichelewa, alichelewa siku ngapi. Ukienda kuomba mkopo wa kujengea nyumba, afisa wa benki hakutazami uso tu. Hufungua ripoti yako akaisoma.

Ripoti hiyo haijui kwamba wewe ni mwalimu hodari, wala kwamba mtaani unaheshimiwa. Inajua umelipa au hukulipa. Ndiyo maana mkopo mdogo usidharauliwe. Tangu mwaka 2014, ilipoanza huduma ya M-Pawa, wananchi wengi wamezoea kukopa kwa kubonyeza simu, na kwa kuwa hapana karatasi wala saini, wengine hudhani hapana deni. Mkopo wa benki unaopitia katika simu ni mkopo wa benki kama mwingine. Ukiuacha kwa sababu ni shilingi elfu kumi tu, jina lako laweza kutiwa doa ambalo utalikuta siku unapohitaji milioni kumi.

Kwa hiyo kila mfanyakazi ajizoeze mambo haya. Aombe kuiona ripoti yake mwenyewe, hasa kabla ya kuomba mkopo mkubwa. Akikuta humo deni alilokwisha kulipa, au deni asilolijua, apeleke malalamiko kwa maandishi kwa mkopeshaji na kwa kampuni iliyotoa ripoti, pamoja na nakala za stakabadhi zake. Asimkopeshe mtu kitambulisho chake cha taifa wala laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, kwani deni litakalochukuliwa kwa laini hiyo litamwandama yeye. Na nyumbani awe na daftari lake la madeni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Deni lisiloandikwa nalo huongezeka bila habari.

Jambo la pili ni hesabu. Tuchukue mfano. Mtu amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, nayo si riba ngeni kwa wakopeshaji wa kausha damu. Kila mwezi riba peke yake ni shilingi 90,000. Akishindwa kupunguza deni lenyewe, akawa analipa riba tu kwa miezi sita, atakuwa ametoa shilingi 540,000, na zile 300,000 zingali zamngoja pale pale. Sasa Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji binafsi wasiopokea amana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo, riba ya miezi sita juu ya shilingi 300,000 isingezidi 63,000. Tofauti ya shilingi 477,000 imekwenda wapi? Hiyo ndiyo damu iliyokaushwa.

Tena hata riba inayoonekana ndogo yafaa kuulizwa inahesabiwaje. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, kwa asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji mmoja huhesabu riba kila mwezi juu ya fedha yote ya awali, hata ile uliyokwisha kuirudisha. Huyo atachukua riba ya shilingi 288,000. Mwingine huhesabu juu ya deni lililobaki tu. Kwake, ukirudisha 100,000 za deni kila mwezi, riba yote itakuwa 156,000. Wote wawili wameandika asilimia 2 mlangoni, lakini mmoja amekugharimu shilingi 132,000 zaidi. Usiulize tu riba ni asilimia ngapi. Uliza: mpaka mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ada za fomu, bima na faini? Mkopeshaji asiyeweza kulijibu swali hilo kwa maandishi, ondoka kwake.

Liko na jambo la udhamini, ambalo huvunja urafiki mwingi. Mfanyakazi huombwa na mwenzake aweke saini katika fomu ya mkopo, naye huiweka kwa haya, bila kusoma. Ajue kwamba mdhamini si shahidi. Mdhamini ni mdaiwa wa pili. Mwenzake akishindwa au akikimbia, makato yatamjia yeye. Usimdhamini mtu kwa kiasi ambacho wewe mwenyewe huna uwezo wa kukilipa.

Na aliyekwisha kukwama afanyeje? Asijifiche, wala asizime simu. Aende kwa mkopeshaji kabla ya siku ya malipo kufika, aeleze hali yake, aombe muda uongezwe na malipo ya kila mwezi yapunguzwe, na makubaliano hayo yaandikwe. Asikope hapa ili kulipa pale, kwani huko ni kuuchimba mchanga kisimani: kadiri unavyochimba ndivyo kingo zinavyokuangukia. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa nayo hunywewa kwa kipimo.

Katika haya yote sheria haikumwacha mwananchi peke yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa simuni walikuwa wakichukua namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji, kisha wakawapelekea wazazi, wakwe na wakubwa wake wa kazi ujumbe wa kumwaibisha. Huo si udai, ni unyanyasaji. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na mwananchi aliyetendewa hivyo ana mahali pa kushtaki. Na kwa watumishi wa umma, makato yote yakijumlishwa hayatakiwi kumwachia mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mkopeshaji anayeshika kadi ya benki aikwepa kanuni hiyo kwa hila, kwani makato yake hayaonekani katika hati ya mshahara. Namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake; asimpe mtu, hata awe jirani mwema namna gani.

Waajiri nao wana lawama yao. Wako wanaokata marejesho ya mkopo katika mshahara wa mfanyakazi, kisha wakachelewa kuyafikisha benki au katika chama cha akiba na mikopo. Mfanyakazi amekwisha kukatwa, lakini katika daftari yeye ndiye anayeandikwa kuwa mkaidi wa kulipa. Hilo ni jambo la kupiganiwa na vyama vya wafanyakazi, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyosikika sasa.

Walakini ngao ya kweli ya mfanyakazi ni umoja. Mwenye haja akiwa peke yake hana nguvu ya kubishana juu ya riba. Wafanyakazi mia wakiweka akiba pamoja katika SACCOS yao, wao ndio wanaopanga riba, na faida hurudi kwao wenyewe. Vikundi vya akiba vya mitaani navyo vimewaokoa akina mama wengi wasipite mlango wa kausha damu. Tena iko mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vinavyoipokea vielewe kwamba fedha hiyo si takrima. Kikundi kisichorudisha kinamnyang'anya jirani aliye nyuma yake katika foleni.

Mwisho tuna neno kwa viongozi wenzetu wa Chama. Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, nasi hatusemi kwamba kiongozi asiwe na biashara yake ya halali. Lakini ikiwa katika tawi lolote yuko kiongozi ambaye asubuhi ahutubia juu ya wanyonge, na jioni ana rundo la kadi za benki za walimu katika sanduku lake, huyo hana uso wa kusimama mbele ya wanachama. Wanachama wana haki ya kumwuliza, na vikao vina wajibu wa kumsikiliza aulizaye kuliko aulizwaye.

Twapendekeza basi kwamba kila tawi, katika mkutano wake ujao, litenge saa moja kwa shughuli hii. Aitwe afisa ushirika wa wilaya, aitwe mtu anayejua hesabu za riba, na wanachama waje na karatasi zao za mikopo. Zisomwe, zihesabiwe, na atakayekutwa amefungwa kwa riba iliyo kinyume cha sheria asaidiwe kuandika malalamiko yake siku hiyo hiyo. Na yeyote ambaye kadi yake imo katika sanduku la mtu mwingine, aende benki akaombe ifungwe, apewe nyingine, kisha akapatane na anayemdai kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Deni la haki atalilipa, lakini mshahara wake ataupokea kwa mkono wake mwenyewe.