Maji Yang'aa Kama Kioo, Lakini Ni Fiti? Hii Sensa Huona Chenye Macho Yako Hayaoni

Ukiishi Tononoka unaijua hii story: mfereji ukikauka, jamaa wa mkokoteni anapita na mitungi ya lita 20. Unafungua kifuniko, unachungulia, maji yang'aa, unalipa. Mara nyingi huo ndio mtihani pekee hayo maji yamefanyiwa tangu yatoke kwa tangi.

Shida ni kwamba jicho hudanganywa. Tope kwa maji hupimwa kwa kipimo kinaitwa NTU. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu huanza kuona ukungu maji yakifika NTU 4 hivi. Lakini ndio klorini ifanye kazi sawasawa, WHO inapendekeza maji yawe chini ya NTU 1. Hapo katikati ndio noma. Wewe waona kioo, kumbe vijidudu vimejibanza kwa chembe za udongo, na klorini inaishia kwa uchafu kabla ivifikie.

Sensa ya mwanga inaziba hilo pengo. Si uchawi. Kitaa kinamulika maji, na pembeni, kwa digrii 90, kuna kijicho kinachosubiri. Maji yakiwa hayana chembe, mwanga unapita zake. Chembe zikiwepo, mwanga unazigonga na kutawanyika, kijicho kinaudaka. Inasoma kila dakika, hakuna kungoja chupa ifike maabara.

Sasa mbona hii ituhusu? Kisiwa hakina mto. Maji yetu yatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200; visima vya Baricho kando ya mto Sabaki; Marere na Tiwi upande wa Kwale. Sabaki ndio ule hupaka bahari ya Malindi rangi ya udongo wakati wa mvua. Bomba likipasuka ama presha ikishuka, uchafu huingilia njiani. Kwa hivyo namba nzuri kule yanakotoka haikwambii kitu kuhusu mtungi wako.

Lakini wasee, tusidanganyane. Hii sensa haipimi chumvi, na haikwambii kama hiyo chembe ni mchanga ama kijidudu. Kisima cha Mji wa Kale kinaweza kung'aa na bado kiwe kimechanganyika na choo cha jirani. NTU ya chini si cheti, ila ikipanda ghafla, hiyo ni kengele. Halafu kioo cha sensa hushika utando. Kisiposafishwa, nayo pia inadanganya.

WASREB hutoa ripoti ya kampuni za maji kila mwaka. Poa, lakini hakuna mtu hunywa maji ya wastani wa mwaka. Twanywa ya leo. Kaunti na kampuni ya maji waweke sensa pale maboza hujazia na kwa matangi ya mtaa, na namba zitufikie kwa simu. Ukilipia maji, una haki ya kujua unalipia nini.

Kabla hiyo siku ifike: chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha ama utie dawa. Kung'aa si usafi.