NAFUTA KAULI YANGU KUHUSU ANDOR

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mwalimu mlezi ametukataza kufungua makala kwa methali, kwa hivyo mimi nafungua kwa kukiri kosa. Muhula uliopita, katika mjadala wetu wa Ijumaa, nilisimama mbele yenu nikasema kwamba Andor inachosha kuliko gwaride la Jumatatu. Mlinipigia makofi kweli kweli. Leo nayarudisha makofi hayo, maana nilikuwa nimetazama vipindi vitatu tu kati ya kumi na viwili.

Kwa wasioijua, Andor ni tamthilia ya televisheni ya kubuni, ya mambo ya angani, iliyotoka katika ulimwengu wa Star Wars. Mtungaji wake ni Tony Gilroy, na Cassian Andor mwenyewe anaigizwa na Diego Luna wa Mexico. Msimu wa kwanza ulianza kuonyeshwa tarehe 21 Septemba 2022 ukaisha tarehe 23 Novemba mwaka huo huo. Tatizo langu la kwanza lilikuwa hili: Cassian huyo tulishamwona akifa katika filamu ya Rogue One ya mwaka 2016. Sasa kuna haja gani kumfuata mtu ambaye kaburi lake unalijua? La pili, ukitarajia panga za mwanga, pole sana. Unapewa maofisa katika vikao, watu wakidaiana pesa, na mwanamume juu ya mnara akigonga chuma kwa nyundo kuwaamsha watu wa mji wa Ferrix. Mimi nilitaka vyombo vya angani vifukuzane, vilipuke, basi.

Likizo ikafika, nikaenda kwa nyanya mzaa mama. Binamu yangu aliye chuoni akaja na kompyuta yake yenye msimu wote. Sebule ni ya nyanya, kwa hivyo hata yeye alikuwa akitazama, tena akiuliza, "Ati wanasema nini hao?" Kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi, mwanachama wa Kiswahili. Jamani, hakuna kitu kinachomlazimisha mtu kusikiliza kama kumtafsiria nyanya! Wale watawala niliwaita Serikali. Binamu akanisahihisha, akasema ni Dola. Nyanya akatutazama sote wawili akasema, "Huyo ni mkoloni." Tukaacha hivyo mpaka mwisho.

Tulipofika gereza la Narkina 5, mimi nilikuwa nimeshanaswa. Cassian anafungwa miaka sita kwa kosa ambalo hakulitenda. Wafungwa wanatembea bila viatu kwa sababu sakafu ina umeme, na askari wakitaka wanaiwasha. Siku nzima wanaunda vyuma wasivyojua ni vya nini. Hapo nyanya hakuhitaji tafsiri yangu. Siku wanapotoroka, yule msimamizi wao Kino Loy, aliyewatia moyo wenzake wote, anafika ukingoni na kusema kwamba hajui kuogelea. Chini ni maji matupu. Hatuonyeshwi amefanyaje. Binamu alikasirika, mimi nilinyamaza tu.

Lakini kilichonigeuza hasa ni kipindi cha mwisho, na hicho ni matanga. Maarva, mama aliyemlea Cassian, amekufa. Kule Ferrix majivu ya marehemu hufanywa tofali, tofali likajengwa ukutani. Mkoloni anaruhusu mazishi ili amnase mwana atakapokuja kumzika mamake. Watu wanatoka nyumbani na vyombo vyao vya muziki, wanaanza polepole, na ghafla roboti mzee wa marehemu anaitoa sura yake kwa mwanga, mama mwenyewe anahutubia matanga yake! Anawaambia majirani wamelala mno, waamke. Ofisa anampindua roboti, vita vinaanza, na rafiki wa familia anampiga askari kwa lile tofali. Kwa Maarva mwenyewe, yaani.

Sasa niambieni, kama nisingaliijua ile nyundo ya mnarani, yale madeni na wale majirani, ningalijali? Kuchelewa kote kule kulikuwa ni kutufanya wenyeji wa Ferrix kabla hawajafiwa. Sisemi haina dosari. Kipindi cha nne na cha tano bado naona vingepunguzwa, na yule karani Syril na mamake wangenipunguzia. Ila hukumu ya vipindi vitatu, naifuta.

Kuna jambo moja zaidi. Kabla ya mazishi, Cassian anafika kwa kujificha na kupewa ujumbe ambao mamake alimwachia. Mama anasema hana lawama kwake, na kwamba anampenda kupita kosa lolote analoweza kulitenda. Nilipomaliza kutafsiri nyanya akasema, "Rudia." Nikarudia. Akamwuliza binamu kama ni kweli yule mama alisema hivyo au mimi nimeongeza chumvi.

Ninyi hamjui, lakini mjomba wangu anafanya kazi Doha. Babu alipofariki mwajiri wake hakumpa ruhusa, akazikwa mwanawe akiwa mbali. Pale nyumbani kuna walioamini na kuna waliosema alikataa tu. Nyanya hajawahi kusema yuko upande gani, na kwa miaka miwili mjomba akipiga simu huwa inapokewa na mama yangu.

Matanga ya Maarva yalipoisha, majina ya waigizaji yakaanza kupita. Nyanya akauliza kule Doha sasa ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa zetu hizi hizi. Akasema, basi hajalala, nitafutie namba yake.

Binamu akazima kompyuta, tukatoka nje. Ile sehemu fupi inayokuja baada ya majina, inayoonyesha vile vyuma vya wafungwa vilikuwa vya nini, niliitazama kesho yake asubuhi.