Sitara ya Mzee Aliyetolewa Tezi Dume

Wanawake wanaovuja mkojo kwa fistula ya uzazi walikaa dahari wakifichwa uani, hata madaktari na wahisani walipoyanena maradhi yao hadharani, Umoja wa Mataifa ukaadhimisha siku yao kila tarehe 23 Mei tangu 2013, na hapa kwetu Mwanza wakapata kutibiwa katika hospitali ya Bugando. Hiyo ni kheri kubwa, nami naitaka iwafikie na wanaume wavujao mkojo.

Mzee wa Ukerewe aliyetolewa tezi dume, akavuliwa mpira wa mkojo akidhani dhiki imekwisha, hupanda kivuko amejifunga matambaa ndani ya suruali nyeusi, akaketi upande wa demani ili harufu isiwafikie abiria wenziwe. Na akikohoa tu, au akiinua ndoo ya dagaa, matone hutoka. Akiwa Mwislamu hukoma kwenda msikitini, ilhali sharia humruhusu mwenye udhuru huo kutawadha kila wakati wa sala uingiapo, akasali.

Mkojo huzuiwa na misuli miwili, mmoja shingoni mwa kibofu na wa pili chini ya tezi. Tezi ikitolewa, ule wa juu aghalabu huharibika, na wa chini nao ukijeruhiwa hapana kizuizi tena. Waliopasuliwa kwa uvimbe wa uzee hupatwa wachache. Waliotolewa tezi nzima kwa saratani hupatwa wengi zaidi, ingawa wengi wao hukauka ndani ya mwaka mmoja, hasa wakifundishwa kukaza misuli ya nyonga.

Anayeendelea kuvuja baada ya muda huo hajafungiwa mlango. Avujaye kidogo huweza kutiwa ukanda wa kuuinua mrija wa mkojo. Avujaye sana huvishwa bangili laini yenye maji, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970, ikiubana mrija huo: akitaka haja hubonyeza kipampu kilichofichwa katika mfuko wa korodani, bangili ikalegea, na baada ya dakika chache ikajaa yenyewe. Bei yake humshinda mvuvi, na baada ya miaka kadhaa huenda ikahitaji kubadilishwa.

Basi daktari na amwambie mgonjwa habari hizi kabla ya kisu, mbele ya mkewe akiridhia, na amwite tena baada ya miezi kumuuliza waziwazi kama amekauka. Nao wanaopanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 wauhesabu upasuaji wa kutia ukanda au bangili hiyo kuwa tiba, wasiuhesabu anasa.