Maana ya Neno: Tajassus

Mwezi huu tumechagua neno lililomo katika Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 12. Neno hilo ni tajassus, yaani kupeleleza siri za watu.

Asili yake katika Kiarabu ni jassa, maana yake kugusa kwa mkono ili kujua hali ya kitu, kama afanyavyo tabibu ashikapo mshipa wa mgonjwa. Tabibu hupapasa ili atibu. Mpelelezi hupapasa ili apate aibu ya mwenziwe. Kutokana na asili hiyo limetoka neno jasusi, nasi Waswahili tukalichukua. Lakini kwetu neno hili limepanda cheo: likitajwa ujasusi, mtu hufikiri habari za vita na serikali. Basi asomapo katazo lile huona kuwa halimhusu yeye wala nyumba yake.

Ndugu msomaji, itazame aya yenyewe. Kabla ya tajassus imetajwa dhana, na baada yake kusengenya. Jambo la kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu: mtu hudhani, kisha huchungulia, na akiona kitu ulimi wake hautulii. Hayo ni mambo ya majumbani.

Si kila kutafuta habari kumekatazwa. Nabii Yakub aliwaamrisha wanawe watafute habari za Yusuf na nduguye (Sura ya 12, aya ya 87), na neno lililotumika hapo ni tahassus, kwa herufi ya ha. Kutafuta huko kulikuwa kwa mapenzi.

Neno letu lililo karibu na tajassus ni kudukua. Siku hizi mdukuzi ni jina la mwenye kuingia katika kompyuta za watu bila ya idhini, lakini maana haikugeuka: zamani lilikuwa sikio ukutani, leo ni jicho katika simu. Mume afunguaye simu ya mkewe naye amelala, mke afanyaye vivyo hivyo, na kijana asomaye siri za rafiki yake akazitangaza, wote wamo.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), naye akambainishia kuwa kutaka idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Simu nayo ina mlango. Tusiufungue pasi na kupiga hodi.