Anza na tmux, nohup ni ya dharura

Leo natoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo sisi tunaofanya kazi na seva za mbali kutoka huku Meru na Embu tunalichukulia kirahisi mno: amri uliyoianzisha kwa SSH inakuwaje ukitoka, au ukitolewa?

Nasema "ukitolewa" makusudi. Maelezo mengi ya Linux yameandikwa kana kwamba mtu hutoka kwenye seva kwa hiari yake. Huku kwetu mara nyingi tunatolewa. Panda matatu kutoka Meru hadi Embu kupitia Chuka: barabara inateremka kwenye mabonde ya mito kama Mutonga na Thuci, na kila ukishuka simu inaweza kupoteza mtandao. Stima nayo mnaijua. Mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kiambere yako mlangoni petu kwenye mto Tana, lakini usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani, sisi tukiwemo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Basi tusiite kukatika ajali. Ni hali ya kawaida ya kazi.

Sasa, muunganisho ukifa, seva hufunga terminali yako na sheli, yaani programu inayosoma amri zako, hupokea ishara iitwayo SIGHUP. Jina hilo linatokana na kukata simu, kwa sababu zamani terminali ziliunganishwa na kompyuta kwa modemu na laini ya simu. Sheli kama bash huipitisha ishara hiyo kwa kazi zake zote, na programu nyingi zikiipokea hufa.

Wengi hudhani alama ya & mwishoni mwa amri ni kinga. Siyo! Ukitoka kwa kuandika exit, huenda kazi ikabaki hai. Mtandao ukikatika ghafla, bash hupata SIGHUP na kazi yako inaondoka nayo. Ndiyo maana mtu hujaribu ofisini, akaona inafanya kazi, kisha usiku ikamwangusha.

Wapo watakaosema nohup inatosha. Kweli, nohup huifanya programu iipuuze SIGHUP, na maandishi yake huenda kwenye faili la nohup.out. Lakini huwezi kurudi ndani yake. Programu ikiuliza "niendelee, ndiyo au hapana?" hakuna wa kuijibu. Kwangu mimi nohup, pamoja na disown -h kwa kazi iliyokwisha kuanza, ni dawa ya dharura.

Fikiria chama cha ushirika cha kahawa. Skripti inapakia kilo za wakulima kabla ya malipo. Ikiuawa katikati, na aliyeiandika hakutumia muamala mmoja wa hifadhidata, nusu ya wakulima wameingia na nusu hawamo. Ukiirudia bila kukagua, wengine wanaingia mara mbili. Hapo mama aliyebeba kahawa yake hadi kiwandani ndiye anayelipia bonde lisilo na mtandao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukiingia kwenye seva, amri yako ya kwanza iwe

tmux new -s kahawa

Fanya kazi yako humo. Ukitaka kuondoka, bonyeza Ctrl-b kisha d. Ukikatwa, usihangaike, ingia tena uandike

tmux attach -t kahawa

Utaikuta kazi inaendelea, na swali lake likikusubiri. Anayependa screen, iliyoanza mwaka 1987, aendelee nayo. Wazo ni lile lile. Angalia jambo moja tu: systemd inaweza kuua hata tmux ukitoka, ikiwa KillUserProcesses imewekwa yes. Hapo msimamizi wa seva akuruhusu kwa loginctl enable-linger, nawe uianzishe tmux kwa systemd-run --user --scope.

Lakini tmux nayo ina mpaka wake. Seva yenyewe ikizimwa na kuwashwa, kila kilichomo kimepotea. Programu ambayo watu wengine wanaitegemea kila siku, kwa mfano inayotuma ujumbe wa malipo kwa wakulima, isiishi ndani ya tmux ya mtu mmoja. Iandikie huduma ya systemd, iwe na Restart=on-failure, uiwashe kwa systemctl enable ili irudi yenyewe seva ikiwaka.

Kanuni yangu ni fupi: kazi ya saa chache, tmux, kazi ya kila siku, huduma. Mkulima wa Runyenjes au Nkubu hajui SSH ni nini, wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni pesa zake kufika kamili hata kama laptopu yako imeishiwa chaji.