Kila Mtoto na Chake, Mpaka Lini?

Jirani yangu ana watoto wawili, wa miaka minne na sita. Mwezi uliopita waligombania kishikwambi mpaka wakang'atana. Kesho yake akarudi na cha pili. "Sasa nyumba imetulia," akaniambia, na kweli ilikuwa kimya: mmoja sebuleni, mwingine chumbani. Nilimpongeza kwa adabu. Hapa adabu hiyo naiweka kando.

Imani hii imeenea kama upupu: dawa ya ugomvi wa watoto ni kila mmoja apewe chake. Kikombe chake, kiti chake, soda yake. Ukiuliza watajifunza lini kugawana, utajibiwa bado wadogo, wakikua watajua wenyewe. Watajulia wapi? Mtoto ambaye hajawahi kungoja kitu kwa kuwa zamu ni ya mwenzake, kiasi atakipimia nini?

Wengi wetu tulifunzwa kiasi na sinia. Kwetu Tanga tulikaa watano, sita, kuuzunguka wali wa nazi, na masharti hayakuandikwa popote: unaanza baada ya mkubwa kutia mkono, unakula upande wako, katikati huvamii, na nyama huigusi mpaka igawiwe mwishoni. Mwenye pupa alipunguza tonge mwenyewe alipoona mikono yote imesimama na macho yote yako kwake. Hakuna aliyehubiri. Mdogo kabisa, ambaye hata kumega vizuri hajui, alisogezewa wali na kaka yake bila kuambiwa, maana kwenye sinia njaa ya mwenzio unaiona.

Sisemi sinia lilikuwa na haki. Firigisi ilikwenda kwa baba kila siku ya Mungu, na dada zetu waliopika walikula baadaye, kilichobaki. Hayo yafe. Na wanaotaja kipindupindu nawaambia tu kwamba maji na sabuni vipo.

Lakini hoja ya "bado mdogo" siikubali hata kidogo. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alipata umaarufu kwa jaribio la kumweka mtoto mbele ya kitu kitamu: kula hiki sasa, au subiri upate viwili. Miaka mingi baadaye Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa Wanso, wakulima wa Kameruni. Wa Kameruni waliwekewa puff-puff, unga uliokaangwa kwenye mafuta, ndugu wa kaimati zetu. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walivumilia dakika zote 10. Wajerumani waliovumilia hawakufika asilimia 30. Umri ni uleule! Mama wa Kinso humtaka mtoto ajizuie tangu akiwa mchanga. Mama wa mjini Ujerumani hufuata kwanza mtoto anataka nini. Sisi tuliorithi njia inayokaribia ile ya kwanza tunaikimbia, na tunalipa fedha kuikimbia.

Kuna wazazi wa aina nyingine, nao siwasamehe. Hao humpokonya mmoja gari la kuchezea na kumkabidhi anayelia: "Mpe mwenzio, acha uchoyo!" Aliyepokonywa hajajifunza ukarimu. Amejifunza kwamba mwenye nguvu huchukua, na mwenye sauti hupewa. Kwenye bembea watoto wanatushinda akili: wanahesabu mpaka kumi kwa sauti, kumi zikitimia unashuka, na ukikataa kushuka hesabu inakoma na kundi zima linahamia kwenye kombolela. Mtu mzima hakuitwa.

Nyumbani kwangu kila Jumamosi andazi la mwisho hubaki moja, na si kwamba unga umekwisha. Sharti ni moja: anayekata si anayechagua. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka sita alishika kisu. Alipima kwa kidole upande huu, akapima upande ule, akaligeuza andazi, akapima tena. Chai ilipoa. Mdogo wake, kidevu mezani, alikuwa akiufuata ule ubapa wa kisu bila kupepesa.

"Hapo," mdogo akasema. "Hapana, sogeza kidogo."

Akasogeza.